Vijiti Arobaini vya Kiberiti

Siku ya kuniaga mlinipa doti mbili za kanga, saa ya ukutani na hotuba tatu ndefu, kisha mkanishika mkono mlangoni mkaniambia, "Mama Limi, tuandikie basi machache ya kazini, sisi tunaoanza tusome." Kanga nazivaa, saa nimeitundika sebuleni hapa Kambarage, hotuba nimezisahau. Yamebaki hayo machache. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo kilikuja kwa barua na mshahara ulikuja ulivyotaka wenyewe, hakuna cha kujifunza hapo. Nitaandika juu ya kosa moja nililolifanya mara mbili katika maisha yangu ya uuguzi, na juu ya mwanamke aliyenisaidia kulirekebisha mara ya pili. Baadhi yenu mnamfahamu. Nimemwomba ruhusa, akasema niandike, ila nisiseme alikuwa mnene.

Nilianzia zahanati ya Runzewe, nikiwa na sare mpya na viatu vilivyonibana. Siku ya kwanza niliwahi sana, nikidhani nitakabidhiwa kabati la dawa na kipima presha. Mzee Luhende, tabibu aliyekuwa akisimamia ile zahanati, alinikabidhi benchi.

"Kaa hapa nje na wagonjwa mpaka mchana," alisema. "Usiulize kitu. Sikiliza wanavyoambiana. Wakiingia kwangu watasema mengine."

Nikakaa. Miguu iliniuma, na nilijisikia mjinga na sare yangu. Lakini kufikia saa sita nilikuwa nimeelewa. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu alimsimulia jirani yake juu ya mizizi aliyochemsha, vidonge alivyoazima kwa shemeji, na mafuta aliyopakwa kanisani akalamba kidogo. Alipoingia ndani nikamsikia akimwambia Mzee kwamba hajatumia kitu chochote. Wala hakuwa anadanganya. Aliulizwa habari za dawa, na kwake dawa ni ile ya hospitali.

Kwa hiyo Mzee hakuuliza. Alikuwa na meza ya mbao isiyo na kitambaa. Mgonjwa akishakaa, kama ni mama anaambiwa, "Mayu, fungua mfuko wako. Kila kinachopita mdomoni kikae hapa juu." Vitu vilitoka kwenye vikapu na mafundo ya kanga: majani, chupa, poda, ugoro, pipi. Kisha ndipo mazungumzo yalianza. Mkiniuliza nilijifunza nini Runzewe, nitasema ni ile meza. Kila kituo nilichohamia nilichonga nyingine kama ile, na ya mwisho mnayo ninyi, hiyo yenye doa la iodini. Msiifunike kitambaa.

Lakini Mzee Luhende alikuwa na desturi nyingine ambayo nayo niliirithi, na hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Alikuwa na desturi ya kumwaga. Mlevi wa gongo akiletwa na ndugu zake, Mzee aliwasimamisha wote uani, chupa ya mwisho ikamwagwa mchangani mbele yao, na mlevi akatamka kwa sauti kwamba kuanzia leo ameacha. Wanawake walipiga vigelegele. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa kijana na niliamini kuacha ni suala la kuamua.

Maganga, fundi matofali, alimwagiwa yake siku ya Jumatatu. Siku ya tatu aliletwa akitetemeka mwili mzima, akiwaonyesha watu siafu ukutani ambao hakuna mwingine aliyewaona. Kesho yake alianguka kifafa, mtu ambaye hajawahi kuanguka maisha yake yote. Ndugu wakasema ni mizimu imekasirika. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wakaondoka naye, sisi tumesimama mlangoni. Mzee akaandika kwenye daftari neno moja, "Hakurudi." Sikumwona tena Maganga, wala sijui aliishia wapi. Miaka mingi baadaye, niliposomea afya ya akili, nilikuta kwenye kitabu kwamba mlevi wa siku nyingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, kuona yasiyokuwepo, kuanguka kifafa na hata kufa. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Wenzangu walidhani naumwa.

Mngedhani basi nimekoma. Kwa upande wa pombe, kweli nilikoma. Tangu hapo nilimpunguza mlevi kwa utaratibu wa daktari, na wengi walipona. Nilihama vituo, nikaolewa, nikamzaa Limi, nikaitwa nesi wa vichaa katika wilaya tatu tofauti, na mwishowe nikaletwa kwenu, senta ya wachimbaji upande wa Geita ambayo siitaji kwa sababu wenyewe bado mpo. Siku yangu ya kwanza pale sikusikia mapigo ya moyo ya mgonjwa hata mmoja, kwa sababu karasha zilikuwa zikisaga mawe nyuma ya ukuta tangu asubuhi. Nilijifunza kupima watu saa ya chakula cha mchana, mashine zinapozimwa. Nanyi hufanya hivyo hivyo, na nadhani mlikuwa hamjui nani alianzisha.

Mama Kulwa alikuja saa hiyo hiyo ya mchana. Ni mama wa mapacha, Kulwa na Doto, na ni mnunuzi mdogo wa dhahabu. Mumewe ni msimamizi wa duara, yaani shimo la uchimbaji, na hushuka chini yeye mwenyewe na watu wake. Mama Kulwa alikuwa na meza yake sokoni, na sifa yake ilikuwa moja: mchimbaji akimletea dhahabu haangalii mizani, anaangalia wapita njia. Watu walimwamini kiasi hicho.

"Shikamoo nesi," alisema.

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Za nyumbani njema. Ila mikono." Akainyoosha mbele yangu. Vidole vilikuwa vikicheza. "Nikipima, namba za mizani zinarukaruka. Jana kijana mmoja kaniambia, mama, mbona unaitikisa, unataka kuniibia? Mimi! Nesi, nikikosa mikono hii nimekosa kazi. Na nikiitwa mwizi senta hii, bora nihame."

Mtu wa dhahabu akitetemeka, kitu cha kwanza mnachofikiria ni zebaki, ile inayochanganywa na dhahabu kisha ikachomwa, na mnafanya vizuri kuifikiria. Lakini Mama Kulwa hakuwahi kuichoma. Alinunua dhahabu iliyokwisha chomwa. Nikamwambia afungue mkoba. Zikatoka funguo, simu mbili, leso, picha ya mapacha, na kopo la rangi ya kijani lenye picha ya jani.

"Na hili?"

"Hiyo ni dawa lishe tu, haina shida. Nakorogea kwenye uji."

Lebo ilikuwa na maneno ya Kiswahili yaliyosema utulivu wa asili, na chini yake maandishi madogo ya lugha nisiyoijua. Lilikuwa linauzwa wazi sokoni, hakuna aliyelificha, kando ya maziwa ya unga na majani ya chai. Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu mwenye adabu zake, na aliwaambia wateja kwamba hata madereva wa malori wa Isaka walilitumia wapate usingizi. Mama Kulwa alilianza baada ya duara la jirani kuporomoka. Kila mumewe aliposhuka shimoni yeye alikosa pumzi juu. Kizibo kimoja cha soda cha ule unga ndani ya uji, na moyo ukatulia. Baadaye vizibo viwili. Baadaye akaacha kizibo akashika kijiko. Alipokuja kwangu alikuwa anakunywa asubuhi, mchana na jioni, na akichelewa kidogo, jasho linamtoka na vidole vinaanza kucheza.

"Unga wenyewe mchachu hasa," alisema. "Nimesahau hata uji mtupu ukoje."

Sasa sikilizeni kosa langu. Mbele yangu alikuwa mtu aliyezoea kitu, anayeongeza kipimo, anayetetemeka akikikosa. Kama angekuwa ameniletea chupa ya gongo ningejua la kufanya nikiwa usingizini. Lakini kopo lilikuwa na jani. Lilisema asili. Nami, nesi mzima wa afya ya akili, nilijiambia kwamba majani hayawezi kumfanya mtu vile, kwamba hii ni tabia tu, na tabia inakatwa. Lebo ilimdanganya yeye, ikanidanganya na mimi.

Nikamwita Baba Kulwa. Akaja na matope yake ya shimoni, akasimama uani na kofia mkononi. Nikasema maneno ya Mzee Luhende karibu yote kama yalivyokuwa, na Mama Kulwa akalimwaga kopo lote chooni mbele yetu. Alisema, "Nimeacha." Baba Kulwa akanishukuru, "Wabeja sana, nesi." Nilirudi ndani nimejiona nimefanya kazi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, wachimbaji wanne walimleta amelala kwenye guta la matairi matatu, kichwa chake kwenye mapaja ya kijana yule yule aliyemwita mwizi. Alikuwa ameanguka kwenye meza yake sokoni, katikati ya kupima. Povu mdomoni, mikono imekakamaa. Nje mmoja alikuwa ameshaanza kusema habari za majini, kwamba dhahabu ya shimo fulani ina wenyewe. Na mimi pale mlangoni sikumwona Mama Kulwa. Nilimwona Maganga.

Tulimchoma sindano, kifafa kikakata. Gari la wagonjwa lilikuwepo siku hiyo na lilikuwa na mafuta, mambo mawili ambayo ninyi mnajua hayakutani kila wiki. Nilipanda naye. Njia nzima nilimshika kifundo cha mkono nikihesabu mapigo, na nililia. Dereva alijifanya haoni. Mama Kulwa alianguka tena mara moja kabla hatujafika mjini.

Hospitali kubwa tulipokelewa na Dokta Zuhura, binti wa umri wa Limi wangu. Aliniamkia kwanza, shikamoo mama, ndipo akamshika mgonjwa. Nilimweleza yote bila kujificha. Aliposikia habari za kopo aliinua kichwa.

"Kopo liko wapi?"

"Chooni."

"Nani alilimwaga?"

"Ni mimi niliyesema limwagwe."

Angeweza kunisema. Mimi ningemsema. Yeye alivuta kiti. "Mama, itabidi tupate lingine kama lile. Nataka kusoma kilichomo."

Kwa hiyo mimi niliyelimwaga kopo ndiye niliyerudi senta kwenda kulinunua. Nilipanga foleni nimevaa sare. Wanawake wawili mbele yangu walifurahi sana kuona hata nesi analitumia, na mmoja akanishauri nichanganye na asali.

Dokta Zuhura aliyasoma yale maandishi madogo kwa kupiga picha na kutafuta kwenye simu. Ndani ya kopo mlikuwa na majani kidogo, na mlikuwa na kitu kingine chenye jina refu, kilichotengenezwa kiwandani, kinachotuliza ubongo karibu kwa njia moja na pombe na vidonge vya usingizi. Sheria ya kwetu haikikatazi kwa sababu hakuna aliyekiulizia. "Ubongo wake umezoea kushikwa mkono na huu unga," aliniambia. "Ukiachiwa ghafla unaanguka. Inabidi uachiwe kidole kimoja kimoja." Alimtuliza kwa dawa za wodini siku kadhaa, kisha akapanga mpango: arudi kwenye unga ule ule, kipimo kinachojulikana, apunguze kidogo kila wiki, tumwone mara kwa mara, na kifafa kikirudi tusingoje. Alisema wapo wagonjwa wengine atakaowapa dawa tofauti badala ya unga, kwa hiyo msiuchukue mpango huu mkaugeuza kuwa wa kila mtu. Mpigieni daktari.

Tatizo lilikuwa kipimo. Daktari aliandika gramu nne kwa siku, apunguze pointi mbili kila wiki. Pointi, kwa wageni wa senta, ni sehemu ya kumi ya gramu, ndivyo wanunuzi wa dhahabu wanavyohesabu. Kituoni kwetu hakukuwa na mizani ya kitu kidogo hivyo. Tuna mizani ya watoto wachanga na mizani ya watu wazima, na zote mbili hubishana. Nikasema basi tutumie kijiko cha chai, tukifute juu kwa kisu. Wiki mbili tulihangaika hivyo. Siku moja unga umeshindiliwa, siku nyingine umekaa laini, leo kazidisha, kesho kapunguza mno, jasho na mtetemeko vikarudi. Nilianza kuogopa.

Mama Kulwa alikuwa ananitazama nikifuta kijiko kwa kisu, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Ghafla akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

"Nesi, hivi wewe unapima kwa kijiko? Mimi mtu akiniletea dhahabu na kijiko namfukuza."

Kesho yake alikuja na kitu kimefungwa kwenye kanga. Ile mizani yake ya betri ya sokoni hakuthubutu kuigusisha unga. Watu wangeona punje nyeupe kwenye sahani na maneno yangeanza. Alileta mizani ya marehemu baba yake, ya mkononi, sahani mbili ndogo za shaba zilizoning'inizwa kwa nyuzi, ya enzi ambazo wachimbaji walipima kwa vijiti vya kiberiti. Kijiti kimoja kizima ni kama pointi moja. Wazee walikubaliana hivyo, na wengi wao hawakuwahi kusoma.

Aliweka boksi la kiberiti mezani, kwenye meza yangu isiyo na kitambaa, akaanza kuchagua vijiti vilivyonyooka, akivitupa vilivyopinda na vyenye vichwa vikubwa. Vijiti arobaini kwenye sahani ya kushoto. Unga kwenye sahani ya kulia, kidogo kidogo, kwa ncha ya karatasi, mpaka nyuzi zikatulia. Vidole vyake bado vilitetemeka, kwa hiyo aliegemeza kiwiko mezani na kubana pumzi. Nami nilibana yangu. Kisha akaugawa unga kwenye vikaratasi vitatu vya daftari: asubuhi, mchana, jioni.

Nilimpigia Dokta Zuhura kumweleza. "Mleteni hapa na hiyo mizani niijaribu na ya maabara," alisema. Tulimpeleka. Ikalingana vya kutosha. Dokta akapiga picha, na nasikia hata leo anaionyesha kwa wanafunzi wake.

Kila Jumatano Mama Kulwa alikuja mchana karasha zikizimwa, akatoa vijiti viwili mbele yangu. Vijiti vilivyotoka hakuvitupa. Alivipeleka nyumbani na kuwashia jiko la uji wa mapacha. Alisema anapenda kuvisikia vikiwaka. Thelathini na nane, thelathini na sita. Wiki moja ya mvua, kijiti kilichotolewa kilikataa kuwaka, naye akaja kwangu na wasiwasi mkubwa akiuliza kama ni ishara. Nikamwambia ni ishara kwamba paa lake linavuja. Kukosa usingizi kulimtesa, zipo Jumatano alikuja macho mekundu akanitukana kwa Kisukuma taratibu na kwa heshima. Nilimwandikia, kwa ushauri wa daktari, asipunguze wiki hizo, abaki alipo. Tulipofika ishirini na nne, mikono ilianza kutulia. Yule kijana aliyemwita mwizi alimletea dhahabu, akaangalia wapita njia.

Muuzaji nilimwendea katika siku hizo. Nilikwenda na hasira zangu zote nimezipanga kwa mstari. Mwalimu alinikaribisha kiti, akanionyesha cheti cha semina ukutani. Badala ya hotuba nikamuuliza swali moja tu: "Mwalimu, na wewe ukikosa siku mbili unajisikiaje?"

Alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akaurudisha bila kukigusa. "Nilidhani ni uzee," alisema.

Hasira ziliniishia pale pale. Aliondoa makopo rafuni mwezi ule, akayakabidhi kituoni tuyapimie. Wateja wake wa zamani aliwaandikia kwa kalamu ya wino mzito, mmoja mmoja, kwamba wasiache ghafla, waje kituoni kwanza. Walikuja kumi na mmoja, naye wa kumi na mbili. Mizani ya Mama Kulwa ikawa na kazi.

Tulipofika vijiti kumi na sita maji yaliingia kwenye duara la Baba Kulwa. Waliokuwa chini walitolewa wote, kwa kamba, mchana kweupe, senta nzima imesimama. Baba Kulwa alitoka wa mwisho akiwa na mguu uliovunjika. Mama Kulwa alikaa pale ukingoni muda wote. Jumatano iliyofuata hakuja. Ijumaa alikuja, akakaa, akaweka mizani mezani bila kuifungua.

"Nimerudi ishirini na mbili," alisema akiangalia sakafu. "Sikupima hata. Nilichota kwa mkono siku ile. Sasa nimepima, ni ishirini na mbili. Sema tu, nesi. Nimejiandaa."

Mimi wa Runzewe, na mimi wa pale uani na kopo, ningesema. Maneno yalikuwa tayari kinywani, nayajua kwa moyo. Nilimwonea huruma, na zaidi ya huruma nilimheshimu, kwa sababu mtu aliyeona mumewe akivutwa kwa kamba kisha akakaa chini kupima ameteleza kiasi gani, huyo hajaanguka. Nikamwambia, "Ishirini na mbili si arobaini. Dokta atasema tukae hapo wiki mbili. Na mguu wa Baba Kulwa unaendeleaje?" Ndipo akalia. Dokta alisema vile vile nilivyodhani.

Siku ya kustaafu ilinikuta Mama Kulwa amebakiza vijiti vitatu. Mlipokuwa mnatoa zile hotuba, alikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, na mimi nilikuwa nahesabu tatu, tatu, tatu. Daktari alikuwa amebadilisha, sasa ni kijiti kimoja tu kwa wiki mbili, kwa sababu mwisho ndio mgumu. Nilimkabidhi kwa Sista Editha wenu, ambaye namwamini. Lakini nimeona wengi waliofika mlangoni wakageuka. Hapa Kambarage nilipalilia mchicha, nikamwagilia mchicha, nikausema mchicha. Limi aliniambia, "Mama, si umestaafu?"

Wiki zikapita. Juzi asubuhi hodi ikapigwa, na salamu ya Kisukuma nyuma yake.

"Mwangaluka, mayu!"

Alikuwa Mama Kulwa, ameshuka basi la alfajiri, na fundo la kanga kifuani. Nilimkaribisha, nikauliza mapacha, nikauliza mguu wa Baba Kulwa. Sikuthubutu kuuliza lingine. Akafungua fundo mwenyewe mezani kwangu. Ilitoka mizani, sahani zote mbili tupu, zimeoshwa zinang'aa. Na boksi la kiberiti. Akalifungua. Ndani mlikuwa na nusu kijiti, ile nusu yenye kichwa.

"Hii nusu ndiyo niliyopimia kwa wiki mbili," alisema. "Jana na juzi sikupima kitu. Sista Editha kaniangalia, Dokta kaniangalia, wakasema niko sawa. Nikasema hii ya mwisho siiwashi peke yangu. Una unga wa uji?"

Nilikuwa nao. Nikateka maji sufuriani, nikafungua jiko la gesi, na nusu kijiti ni kifupi, mnajua, ukizubaa kinakuunguza. Nilitaka kumpa kiberiti changu cha gesi, akakataa. Akakwaruza. Moto ukashika, akausogeza kwenye jiko taratibu, mkono umetulia kama meza. Mwiko ndio uliogonga sufuria, na mwiko niliushika mimi.

Tulikunywa kwenye bakuli za kawaida, bila kitu kingine ndani. Mama Kulwa alipiga funda, akakaa nalo mdomoni, akameza.

"Kumbe uji ni mtamu," alisema, akanisogezea bakuli nimwongeze.